Boza Chini ya Mlima

Jumapili, 3 Novemba

Brashi nimeosha, chai imepoa. Picha ya mlima wa Yiti imekwisha, bado kivuli tu. Alikuja afisa wa maonyesho kuiona kabla ya kwenda ng'ambo, kwenye maonyesho ya Dar es Salaam. Picha za nchi hujenga urafiki, alisema. Aliipenda. Kisha akaweka kidole kwenye boza la buluu linalopanda njia. Hili litoke, akasema. Wageni waone mlima na bahari, si lori la maji. Amenipa mpaka Alhamisi.

Sifuti. Ndani ya boza hilo yumo Baba.

Jumatatu, 4 Novemba

Nina hasira, sijagusa rangi. Marehemu Baba alivuka bahari kutoka Unguja akaja huku mikono mitupu, akawapelekea watu wa Yiti maji kwa boza lake miaka na miaka. Akichelewa, Mama alimfunikia sahani yake mpaka arudi. Mlima usio na maji, nani angeukaa? Na huko Dar nani asiyejua boza? Wakiliona ndiyo watatujua.

Jumatano, 6 Novemba

Kaka yangu Khalfan alipiga simu kutoka kwake Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa matajiri. Afisa ni rafiki yake, kumbe ameshamwambia.

"Khalas, yaishe, tia jabali hapo! Wataka ulimwengu mzima ujue babetu alikuwa dereva?"

Nataka. Jumba analoringia limetoka kwenye usukani ule. Nikamkatia simu, kisha nikalia. Mama alikuwa hapo hapo, akainuka akaenda zake jikoni. Kuondoka kwake kumeniuma kuliko Khalfan. Labda na yeye anaona haya.

Alhamisi, 7 Novemba

Afisa alikuja na blanketi la kufungia picha. Boza lipo pale pale. Nikamwambia iende nalo au isiende. Haikwenda. Amechukua picha ya ngome ya mchoraji mwingine, ngome ya tisa sasa kwenye maonyesho yake. Nilisema sijali. Uongo, Dar nilikuwa naitaka sana. Lakini sifuti.

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi Mama aliishusha saa kubwa ya sebuleni. Akaniambia nitundike picha hapo. Nikaitundika.

Khalfan alikuja kula baada ya sala. Aliiona, akainamia wali wake. Mama alikaa akilitazama lile boza njiani.

"Kachelewa leo," alisema.

Akachukua sahani moja, akapakua, akaifunika.