Mrushaji wa Timu Ngeni

Alhamisi

Lile swali bado linanikera. Kwenye chemsha bongo ya wafanyakazi wa hoteli, meneja aliuliza: katika besiboli, anayerusha mechi nzima peke yake anaweza kurusha mipira michache kiasi gani? Nikasema ishirini na saba. Raundi tisa, watu watatu wa kutoa kila raundi, mpira mmoja kwa kila mtu.

"Ishirini na tano," akasema. "Timu ngeni ikifungwa moja bila, wenyeji, ambao hupiga mwisho, hawana haja ya kupiga raundi ya tisa. Ni ishirini na nne, na ule mmoja uliowafunga."

Zawadi ilikuwa tiketi ya kwenda nyumbani. Nimeikosa.

Nimempigia mama, bado anaumwa. Nimemwambia sitaweza kuja. "Haya mwanangu. Ukinikuta, utanikuta."

Miaka yote hii niko Doha ugenini, halafu leo nimehesabu kama mwenyeji.