Mpumbu wa Yaya Sampa na Unga wa Kopo

Kashikishi, Nchelenge,
Rhodesia ya Kaskazini.
16 Septemba 1956

Mpendwa Yaya Sampa,

Hujambo, kaka yangu mkubwa? Wifi Rosaria na watoto hawajambo huko Kongo? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini kelele zake sokoni ni zilezile. Naandika Kiswahili, si Kibemba, ili wifi naye asome, asiseme tunamteta.

Barua yako ilifika juzi, Ijumaa. Tangu hapo kichwa changu kimevurugika.

Mwezi wa sita ulitutumia kopo la unga mweupe kwa mkono wa Kalaba, yule mchuuzi anayevuka ziwa. Ulisema unaua wadudu wa mikakao yako kuliko dawa yoyote. Sisi hatuna kakao, tuna samaki. Nikawaza, mdudu ni mdudu. Nikawanyunyizia samaki wakavu vikapuni, na wale funza wanaotutia hasara kila mwaka wakaanguka chini kama mchele. Wanawake wa soko wakaja kuniomba kijiko kijiko. Nilijiona bibi mkubwa, Yaya!

Sasa unaandika kwamba umeacha unga huo. Eti mikono inakutetemeka, na siku hizi unachuma kwa mkono matunda yaliyooza, unayafukia, unapogoa matawi ili jua liingie. Na sisi tufukie kopo mbali na maji. Hii ni dawa au ni sumu? Aliyeisifu ni wewe, na anayeikataa ni wewe.

Nimemuuliza Mama. Akanijibu, “Mwaka ile badokta walitumwangia bunga ku kichwa juu ya chawa, hakuna mutu alikufa. Acha woga.” Lakini bata wetu watatu waliookota wale funza wamekufa. Mama anasema walikuwa wazee. Mmoja alianguliwa mwaka huu.

Mume wangu Patson amefukia kopo. Vikapu vilivyobaki siuzi wala situpi, navitazama tu. Nimewaonya wale wanawake. Wengine wamecheka, wanasema nataka kuuza peke yangu.

Linalonichoma zaidi ni hili. Jumanne, kabla barua yako haijafika, tulikutumia kikapu kwa mkono wa Kalaba, na Kalaba ana mbio kuliko posta. Ndani kuna mpumbu, samaki wako wa tangu utoto, ambaye siku hizi hapatikani ovyo. Mama alikuwekea miezi miwili. Kwa kuwa safari ni ndefu, nilimnyunyizia mara mbili. Samaki wa watu wote mara moja, wa kwako mara mbili, kwa mapenzi.

Mama, Patson na binti yetu Mwila wanawasalimu sana. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Usile, Yaya. Wifi, ukisoma wewe kwanza, mnyang'anye. Na kama mmekwisha kula, nijibuni upesi, hata neno moja. Ila usimwandikishe mtu, Yaya. Barua ya juzi herufi zako zilipinda, nami mwanzoni nikadhani ni haraka. Andika kwa mkono wako mwenyewe, niuone.

Mdogo wako akupendaye,
Matildah