Majani Niliyoyaacha Siku Tatu

Mjukuu wangu Kulwa, mwangaluka, yaani habari za asubuhi. Huku Bariadi tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna pamba.

Unauliza kwa nini bia unayojipikia inanuka nyasi ukiiwekea yale maua machungu yanayoitwa hopsi. Mimi yalinipata kwa wivu. Wifi yangu Nyanzobe alisifiwa sana kwa pombe ya mtama. Nikamchungulia, nikamwona anatia majani ya kunukia mtungini, pombe ikiwa imeshachachuka. Nami nikatia ya kwangu, nikayaacha siku tatu ili nimshinde. Ikanuka nyasi tupu, wageni wakaitema.

Wifi akaonja. "Mimi huyatoa jioni ileile," akasema kwa upole. "Ungeniuliza tu."

Tukapika tena, pamoja. Ikawa tamu, watu wakamsifu yeye. Mpaka leo inaniuma.

Nawe, maua yako yatoe mapema, usiyaache siku nyingi kama mimi.

Bibi yako