Simu ya Jumatano

Ndugu yangu Animesh,

Kwa miaka mitatu nimekuficha jambo moja. Simu ya kutoka Kalkuta, ya kukuita kwa binti yako Mitali, niliipokea mimi, tena Jumatano. Nikakwambia Jumamosi, kama iliyopigwa siku ile ile. Uliondoka hapa Guangzhou kabla Hong Kong haijarudishwa China. Mengi yamebadilika tangu hapo, hili halijabadilika.

Daktari hazungumzi nami tena, anazungumza na binti yangu Zuhura. Najua maana yake. Naandika wakati mkono bado unashika kalamu.

Wakumbuka tulivyokwenda barabara ya Yide Lu kununua madaftari ya darasa lako, lile ulilowaanzishia watoto wa wafanyabiashara wageni? Mama wa dukani alikataa kupunguza bei, nawe ukasimama pale pale ukamghania shairi kwa Kibengali. Zuhura akaona haya. "Baba, mwondoe huyu rafiki yako, watu wanajaa!" Mama yule alicheka mpaka akashika meza, akakupa kalamu za bure. "Laoban," alikuita, yaani bosi, wewe uliyevaa viatu vilivyopasuka!

Mchana ulikuwa wa watu. Ulifundisha chuoni, ukafundisha watoto, ukaandika barua za kuomba chumba cha darasa kwa wakubwa wa mtaa. Jioni ulikuja kwetu, nyuma ya maduka ya Zhanxi, ukavua viatu ukanyamaza. Mkeo alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla hujaja China. Hadharani hukumtaja kamwe. Kwangu ulimtaja mara moja tu: "Kaka, nimesahau sauti yake ya kukasirika. Ya kucheka ninayo bado." Nikakumiminia chai.

Mitali ndiye uliyebaki naye, akiishi kwa mama yako. Simu hukuwa nayo, ukawapa namba ya ofisi ya Zuhura. Jumatano ile nilikuwa peke yangu ofisini. Mama yako akaniambia kwa Kiingereza kwamba mtoto amezidiwa, uende upesi.

Jumamosi yake ungesoma mashairi yako mbele ya wale wakubwa, na chumba kilitegemea siku hiyo. Nami ningesimama kando yako nikisoma tafsiri zangu za Kiswahili, mimi mwalimu mstaafu ambaye maisha yangu yote sikuwahi kualikwa jukwaani. Niliitaka siku ile, Animesh. Niliitaka kama mtoto anavyoitaka nguo ya sikukuu.

Ulisoma vizuri. Chumba kikapatikana, na watoto wanasoma humo mpaka leo. Lakini Mitali alikuwa amefariki Ijumaa. Ungeondoka Alhamisi asubuhi, ungemkuta.

Ulipoandika kwamba mama yako anashikilia alipiga Jumatano akajibiwa kwa Kiingereza, nilikujibu labda simu aliipokea mtu asiyejua Kiingereza. Ukaniamini. Ukamwambia mzazi wako kwamba msiba umemchanganya. Hilo linaniuma kuliko mapafu haya.

Nimejitetea sana moyoni. Kwetu Unguja hatumwambii mtu kwa simu kwamba amefiwa. Tunamwambia mgonjwa kazidiwa, njoo. Msiba ataukuta nyumbani, katikati ya watu wa kumshika. Basi nikajiambia kwamba mtoto ameshakufa, wanakuficha tu, na siku tatu hazitamrudisha. Juzi nilimweleza Zuhura hivyo.

"Baba, mwandikie," akasema. "Lakini mwandikie yote."

Sikuombi jibu, wala sikuombi unisamehe. Namwomba radhi mama yako, kama yu hai. Msomee barua hii kwa sauti, ajue kwamba akili yake ilikuwa timamu. Nakuaga kwa mapenzi yale yale ya siku zote, ingawa sasa utajua yalikuwa mapenzi ya mtu wa namna gani.

Yote ni haya. Mama yako alipomaliza kusema, alimpa Mitali simu. Alikuwa akihema. Akaniuliza, "Baba yangu ameshaondoka?"

Nikamjibu, "Yuko njiani, mwanangu."

Kaka yako,
Haji