Sifuri Niliyompa Odile

Kisangani, tarehe 9 Agosti 1984

Papa Yakubu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na mama Asha. Mguu wako unaendeleaje? Sefu, aliyepanda kutoka Isangi Jumanne, aliniambia sasa unafika bandarini bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Mimi mwili ni mzima. Samaki mlionitumia nimekula na kwanga ya muhogo siku tatu mfululizo.

Papa, huwa unaniuliza kazi yangu ya chuoni ni nini hasa, nami nacheka tu. Leo nakueleza. Ndani ya kila kitu kuna chembe ndogo mno zisizoonekana, tunaziita elektroni, zinazozunguka kiini. Ukipiga vizuri hesabu ya mizunguko hiyo, unaweza kujua hata rangi ya kitu. Lakini hesabu ya kawaida inasema dhahabu ni nyeupe kama fedha. Sababu ni kwamba kiini cha dhahabu ni kizito, na elektroni zilizo karibu nacho zinakimbia zaidi ya nusu ya mwendo wa mwanga. Kwa mbio hizo zinakuwa nzito, zinasogea karibu na kiini, na hesabu yote inabadilika.

Profesa wangu alinipa kazi ya kuingiza mbio hizo. Mkono peke yake hautoshi, inataka kompyuta. Nilitoboa kadi elfu mbili za kusomwa na kompyuta, zikapanda meli kwenda Kinshasa iliko mashine hiyo. Baada ya miezi saba zilirudi zimelowa, mashine haijazigusa. Profesa naye alikwenda likizo Ulaya, hakurudi. Bon, siku ya kutetea tasnifu ilikuwa imepangwa, nawe ulikuwa umeshaalika watu. Nilisimama na namba safi kabisa ya rangi ya dhahabu, wakanipigia makofi, wakanipa kazi ya kufundisha.

Mwezi wa sita Odile, binti wa Mama Philomène jirani yenu, alifanya mtihani wangu. Niliwataka wanafunzi waipate namba ile kwa njia ya tasnifu yangu. Odile aliandika kwamba njia hiyo haiwezi kuileta, kwa sababu mbio za elektroni hazimo ndani yake. Alikuja na daftari lake, akaniuliza kwa adabu, "Madame, nimekosea wapi?" Nikamjibu kwamba amekosea kila mahali. Nikampa sifuri. Kwa sifuri hiyo akafukuzwa chuoni, akashuka na meli kurudi kwenu.

Papa, Odile hakukosea. Namba ile niliinakili kutoka jarida la Ulaya, nikaiandika kama yangu.

Mwezi uliopita nilimwendea mkuu wa idara, nikamweleza yote. Alifunga mlango, akasema matokeo yamekwisha kwenda Kinshasa, na citoyenne, raia yeyote wa kike, atakayechafua jina la chuo mbele ya Chama tawala atajuta. Akanirudishia karatasi niliyoandikia kosa langu. Nilimwandikia mkuu wa chuo, hakujibu. Sijui mlango mwingine wa kubisha.

Sefu aliniambia pia kwamba, kwa kuwa wewe husomi, siku hizi Odile ndiye anayekusomea barua zangu. Basi Odile, mdogo wangu, najua ni sauti yako inayosema maneno haya. Hukukosea popote. Nimeshindwa kukurudisha darasani. Tafadhali usiruke neno, msomee papa yote.

Nisalimieni mama, na wote wa nyumbani wanaoniombea.

Ni mimi binti yako,
Safi