Shemeji Yako Kasema "Chanya"

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na unapanda ngazi bila kumlaani fundi aliyezijenga. Sisi tu wazima, na mgonjwa wetu ndiye aliyenishikisha kalamu.

Tangu kiharusi kimpige, shemeji yako hakutamka neno. Mtu aliyefundisha hesabu mpaka sauti ikamkauka, akawa wa kukaa dirishani kama mzigo uliosahauliwa. Daktari alisema tuzidi kuongea naye. Tukaongea hadi maneno yakatuishia.

Jumanne kitinda mimba wetu alikuwa mezani, kando ya baba yake, na kazi ya shule, akijisomea kwa sauti: tatu eksi, toa mbili mara mabano, eksi toa tano, funga mabano, sawasawa na kumi na nne. Akafungua mabano, akajisemea, "Toa kumi." Baba yake akaanza kuhema, mkono mzima ukigonga meza. Nikajua kiharusi kimerudi, nikakimbilia simu. Ndipo nikasikia: "Chanya!"

Dada, ni yeye aliyesema! Mtoto akatazama daftari, akafuta, akaandika jumlisha kumi. Hasi mara hasi! Eksi ikatoka nne, na baba mtu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtoka pande zote mbili.

Tangu hapo hawaachani. Juzi swali lilikuwa la waya wa mita sita unaoshikilia mlingoti, kwa pembe ya nyuzi thelathini kutoka ardhini: umefungwa juu kiasi gani? Mtu asiyeweza kuomba maji akasema, "Sini... nusu... tatu." Mtoto akapiga hesabu: sini ya thelathini ni nusu, na nusu ya mita sita ni tatu kweli. Nilisimama na sufuria mkononi, kama niliyeingia mahali patakatifu.

Ila kuna jambo sikukwambia kwenye simu. Jina langu halipati. Hunitazama, midomo ikitafuta, kisha huinamisha kichwa kwa aibu. Kwa hiyo mimi, niliyeikimbia hesabu kama nyuki, sasa navuta kiti nijifunze. Kama mume wangu yuko huko, nitamfuata huko huko. Leo asubuhi nimetatua swali langu la kwanza peke yangu. Amelipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, akasema, "Sahihi." Kisha akanishika mkono, asiuachie mpaka chai ikapoa.

Wabusu wajukuu, na shemeji yangu mwambie asinicheke.

Ni mimi mdogo wako, mwanafunzi uzeeni.