Slaidi Nne za Tangawizi ya Muyama

Dada Konsolata,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako hapa steshenari. Bado sijakizoea. Wateja wanaingia wanauliza, "Dada yupo?" halafu wanakumbuka wenyewe.

Wiki mbili baada ya kukuzika, walikuja wakulima wa tangawizi kutoka Muyama na mwenyekiti wao, Mama Yolanda. Kuna mnunuzi alikuwa anakuja Kasulu, akataka wamweleze kwa slaidi mpango wao wa kukausha. Wakimkosa, wataendelea kuuza mbichi, na gari likichelewa inaozea njiani. Nikawajazia slaidi kumi na sita. Maandishi madogo, rangi tano, mishale kila kona. Nikajiona fundi. Mama Yolanda akaitazama kompyuta, kisha akaniambia taratibu kwamba yeye kusoma hajui, labda nimsomee siku hiyo.

Hapo nikakukumbuka, umesimama nyuma yangu na kikombe cha chai: "Futa, Editha. Mtu hawezi kusoma huku anasikiliza." Siku ile uliponifutia kazi ya asubuhi nzima, sikukusemesha mpaka tunafunga duka. Nisamehe, Dada.

Nikafuta. Zikabaki nne: tangawizi shambani, iliyooza kwenye gunia, kichanja cha kukaushia, na iliyokauka kiganjani mwa Mama Yolanda. Chini ya kila picha neno moja, kubwa.

Ukumbini kazi yangu ilikuwa kubonyeza tu. Mama Yolanda alisema yote mwenyewe, kwa Kiswahili chake chenye Kiha ndani, bila karatasi. Lilipotokea lile gunia, mnunuzi akaiweka simu mezani. Miaka mitatu umenifundisha, na sikuwa nimeona kazi yako ilikuwa kubwa kiasi gani.

Mnunuzi amekubali kujaribu msimu mmoja. Wameshaanza kutengeneza vichanja.

Kabla sijazima projekta, Mama Yolanda alisogea ukutani akaweka kidole kwenye neno la mwisho.

"Hili linasemaje?"

"Kavu, Mama."

Akalipitishia kidole, herufi kwa herufi, mara mbili.

"Yego," akaitikia kwa Kiha. "Sasa nalijua."

Nikaiacha projekta iwake kidogo, Dada.

Pumzika. Nami nakuahidi, yeyote atakayeketi mbele yangu nitamsikiliza mpaka amalize, ndipo niwashe kompyuta.

Mdogo wako,
Editha